Huzuni Si Ukafiri: Haki ya Anayeishi na VVU juu ya Msikiti Wake

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, Maswahaba wake na kila anayefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, yapo maradhi mawili ambayo mtu mmoja huweza kuwa nayo kwa wakati mmoja, akatibiwa la kwanza na kuachwa aangamie kwa la pili. La kwanza ni virusi vya UKIMWI (VVU), ambavyo leo vina dawa ya kuvifubaza, nayo hutolewa bure hata hapa kwetu Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. La pili ni ile huzuni nzito inayomkaa mtu moyoni wiki baada ya wiki, ambayo mitaani huitwa "mawazo" na matabibu huiita sonona. Kwa la kwanza, mgonjwa huambiwa aende kliniki. Kwa la pili, huambiwa aongeze imani. Makala hii inakusudia kusema jambo moja: sonona ya anayeishi na VVU ni maradhi, si upungufu wa imani, na msikiti unaoihukumu badala ya kuihudumia unaacha wajibu uliofundishwa na Mtume (S.A.W.).

Maradhi nyuma ya maradhi

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya Ziwa Victoria, mwaka 1983. Kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata, majibu ya kipimo yalikuwa sawa na hukumu ya kifo, kwani dawa ama hazikuwapo, ama bei yake haikumfikia mkulima wa pamba. Mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, na tangu mwaka 2016 kila anayegundulika huanzishiwa dawa bila ya kusubiri kinga yake ishuke. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, yaani watu wapatao milioni 1.5. Hakuna sababu ya kudhani kuwa safu zetu za swala zimetolewa katika hesabu hiyo.

Utafiti huo huo ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 100 wanaotumia dawa, zaidi ya 90 virusi vyao vimefubazwa. Na imethibiti kwa wataalamu kuwa ambaye virusi vyake havionekani tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya tendo la ndoa. Kwa hiyo anayeishi na VVU leo, kwa rehema za Allah (S.W.), anaweza kulima, kuoa au kuolewa, kupata watoto wasio na virusi na kuzeeka. Basi ni kipi kinachoendelea kuwaondoa watu ambao dawa yao ipo?

Sehemu kubwa ya jibu imo moyoni. Jijini Dar es Salaam, wanawake karibu 1,000 wanaoishi na VVU walifuatiliwa na watafiti kwa miaka kadhaa tangu katikati ya miaka ya 1990, wakati ambapo dawa za bure hazijaanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa zaidi ya nusu yao walipatwa na dalili za sonona angalau mara moja, na kwamba waliokuwa na sonona walikabiliwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Virusi walikuwa navyo wote. Kilichowatenganisha ni huzuni.

Leo ambapo dawa zipo, huzuni hupata mlango mwingine. Dawa hizi humezwa kila siku, kwa maisha yote. Mtu asiyeona sababu ya kuamka kesho hawezi kuona sababu ya kumeza kidonge usiku wa leo. Huacha siku moja, kisha tatu, kisha hafiki kliniki tarehe yake. Virusi huongezeka, huweza kuwa sugu, kinga hushuka, na kifua kikuu hupata nafasi. Akifa, husemwa kuwa amekufa kwa UKIMWI.

Ugumu wa sonona ni kuwa haina kidonda cha kuonyesha. Mwenye nayo hukosa usingizi au hulala kupita kiasi, chakula humkinaisha, hachangamki kwa jambo lililokuwa likimfurahisha, hujiona hana thamani na ni mzigo kwa watu wake. Dalili hizi zikidumu wiki mbili au zaidi, hilo ni jambo la kupelekwa kwa tabibu. Katika jamii yetu ya wakulima na wafugaji, ambako mtu hupimwa kwa jembe lake, mwenye sonona huonekana mvivu tu. Palizi ya pamba inampita, magugu yanafunika shamba, naye amekaa ndani. Msikitini huanza kukosa Alfajiri, kisha Isha, kisha Ijumaa. Hapo ndipo sisi wenzake tunapohitimisha kuwa imani imeshuka, ilhali kilichoshuka ni nguvu ya moyo.

Tena si kila huzuni hiyo hutokana na fikra. Virusi vyenyewe hufika katika ubongo. Hata dawa zilichangia: efavirenz, iliyokuwamo katika mchanganyiko uliotumiwa na wagonjwa wengi kabla ya dolutegravir kuanza kuchukua nafasi yake mwaka 2019, ilijulikana kuwaletea baadhi yao ndoto za kutisha na kuwavuruga moyo. Mtu huyo alikuwa akihitaji kubadilishiwa dawa, si kusomewa mawaidha juu ya kukata tamaa.

Huzuni ya waja wema

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya wenye sonona ni ile aya ya Suratu Yusuf (12:87), inayotufahamisha kuwa wanaokata tamaa na rehema za Allah ni makafiri. Aya ni haki. Lakini tuitazame ilipokaa. Aliyeyasema maneno hayo ni Nabii Yaaqub (A.S.), na aya tatu tu kabla yake (12:84) tunaelezwa kuwa Nabii huyo huyo alihuzunika hadi macho yake yakageuka meupe. Huzuni iliutikisa mwili wake na ikamwondolea uwezo wa kuona. Walio karibu naye wakamlaumu kwa kuendelea kumkumbuka Yusuf. Hakuikana huzuni yake. Alisema kuwa anaishitakia kwa Allah (12:86). Ni mtu huyo, akiwa katikati ya huzuni hiyo, aliyewakataza wanawe kukata tamaa.

Basi ni wazi kuwa huzuni nzito na kukata tamaa na rehema za Allah ni vitu viwili. Moyo unaweza kuelemewa hali imani imo ndani yake. Anayeichukua aya ya 87 na kuiacha ya 84, kisha akampiga nayo mgonjwa, ameitumia Qur'an kinyume na mafundisho yake.

Tumtazame pia Bibi Maryam (A.S.), aliyechaguliwa juu ya wanawake wa ulimwengu. Uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende, naye akijua watu watakavyomsema, alitamani lau angekuwa amekufa kabla ya hayo (19:23). Je, alikemewa? Aya zinazofuata (19:24-26) zinatuonyesha kuwa aliitwa kwa upole asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akaelekezwa kwenye tende mbivu, akaamrishwa ale, anywe na moyo wake utulie. Aliyeogopa fedheha ya watu alipewa chakula, maji na neno la kutuliza.

Huo ndio mwendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Mwenyewe alipitia mwaka ulioitwa Mwaka wa Huzuni, alipofiwa na Bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib. Katika dua zake za mara kwa mara alijikinga kwa Allah na wasiwasi na huzuni, kama ilivyopokewa na Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.). Na Bibi Aisha (R.A.), panapotokea msiba, aliamrisha ipikwe talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Huzuni ilipikiwa uji.

Mimbari inapojeruhi

Sasa tujiulize: mwenye VVU anayeingia msikitini siku ya Ijumaa husikia nini? Katika baadhi ya mimbari zetu, UKIMWI hutajwa kwa sura moja tu: adhabu ya wazinifu. Khatibu humaliza, akashuka, akasahau. Lakini katika safu za wanawake ameketi mke ambaye hakuwahi kumjua mwanamume mwingine zaidi ya mumewe wa ndoa, na virusi vilimfika ndani ya halali yake. Nyuma ya nguzo ameketi kijana wa miaka 18 aliyezaliwa navyo. Hawa wamehukumiwa hadharani kwa kosa wasilolitenda, na hawana pa kujitetea, kwani kujitetea ni kujitangaza. Wakirudi nyumbani na yale maneno, huzuni yao sasa ina muhuri wa dini.

Watakuwapo watakaosema: tukilegeza kauli, tutakuwa tumeihalalisha zinaa. Hapana. Zinaa ni haramu, na Qur'an imekataza hata kuikaribia (17:32). Khatibu na aikataze kwa nguvu zake zote. Ila kukataza dhambi ni jambo moja, na kumfanya mgonjwa kuwa kielelezo cha dhambi ni jambo jingine. Hata huyo aliyeupata ugonjwa kwa kosa lake, tunaye Mtume (S.A.W.) wa kumuiga. Imepokewa na Muslim kuwa mwanamke wa kabila la Juhayna aliyekiri zinaa na kusimamishiwa hadi, Mtume alimswalia jeneza. Umar (R.A.) aliposhangaa, alijibiwa kuwa mama yule alitubia toba ambayo lau wangegawiwa watu 70 wa Madina ingewatosha. Ni nani kati yetu aliyepewa funguo za kufunga mlango ambao Mtume aliuacha wazi?

Kuhusu kuyaita maradhi adhabu, historia yetu inatosha. Tauni ya Amwas, huko Sham mwaka wa 18 Hijria, iliondoka na Abu Ubayda bin al-Jarrah, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, na Muadh bin Jabal (R.A.). Na Bibi Aisha (R.A.) alipouliza juu ya tauni, alifahamishwa kuwa iliwahi kuwa adhabu kwa aliowataka Allah, lakini kwa waumini ameijaalia kuwa rehema. Ugonjwa hausomwi kama hati ya hukumu ya mtu.

Jeraha jingine hutoka kwenye ndimi. Baadhi ya misikiti huwataka wachumba wapime kabla ya nikahi. Nia ni njema, kwani kinga ni wajibu na mchumba ana haki ya kujua. Lakini majibu ni siri ya wachumba wawili na mtabibu wao. Yakipita mikononi mwa kamati, kufika Ijumaa mtaa mzima umekwishajua kwa nini ndoa ya fulani imevunjika. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo na inakataza unyanyapaa, na kabla ya sheria hiyo Mtume (S.A.W.) alikwishatuahidi kuwa anayemsitiri Mwislamu, Allah atamsitiri duniani na Akhera. Mahali ambapo siri haikai, watu hupanda gari kwenda kuchukua dawa wilaya ya mbali wasikojulikana. Siku nauli inapokosekana, dawa nayo hukosekana.

Kisomo na tiba

Zipo familia ambazo, mgonjwa akishaanza kujifungia, hupitisha hukumu ya pili: amelogwa, au ana jini. Wengine huishia kwa mganga. Kwa mganga hatuna la kujadili, kwani hiyo ni njia ya shirki, na katika Usukuma tuhuma za uchawi zimewagharimu vikongwe wasio na hatia maisha yao. Tunachotaka kukisema ni juu ya kisomo chetu wenyewe. Ruqya kwa Qur'an na dua zilizothibiti ni Sunna, na ni faraja kubwa kwa mwenye huzuni. Lakini haikuwekwa ili kuiondoa tiba. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu na akawafahamisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Msomaji anayemwambia mgonjwa aache vidonge ili kisomo kifanye kazi amekwenda kinyume cha hadithi hiyo.

Matokeo ya kuacha dawa tuliyaona mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walipokwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Miongoni mwao walikuwapo waliokuwa wakitumia dawa za VVU, wakaziacha wakiamini wamepona, na maradhi yakawarudia. Walikuwa watu waliochoka kuishi na siri, na mtu aliyechoka hufuata kila sauti inayomwahidi kuwa mwisho wa taabu ni leo.

Wala matibabu ya moyo si jambo tulilolikopa kwa wageni. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na nafsi, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu ya wazi, akahusisha hii ya pili na hali ya mwili na kuielekezea tiba. Hospitali ya Sultan Qalawun iliyojengwa Cairo mwaka 1284 iliwapokea wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wengine. Mwislamu anayekwenda kumwona daktari wa akili leo anarejea kwenye mwendo wa waliomtangulia.

Wajibu wa msikiti

Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2.1 katika Sensa ya mwaka 2022. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache, na aliyezidiwa huweza kuhitaji rufaa hadi Bugando, Mwanza. Aidha, Marekani iliposimamisha misaada yake mwezi Januari 2025, huduma za VVU zilizotegemea fedha hizo, zikiwamo za wanaowatembelea wagonjwa majumbani, zilitikisika. Fedha ya mbali inaweza kukatika kwa saini moja. Jirani wa msikitini hakatiki hivyo.

Mifano ipo. Nchini Uganda, Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ilianza mwaka 1992 kuwafunza maimamu wa wilaya ya Mpigi juu ya UKIMWI, ili wao na wasaidizi wao waifikishe elimu hiyo katika familia za misikiti yao. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, mabibi waliofunzwa na Dk. Dixon Chibanda huketi kwenye benchi nje ya zahanati, wakawasikiliza wenye huzuni, na wengi kati ya wanaowajia wanaishi na VVU. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliosikilizwa na mabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko wenzao. Bibi mwenye hekima, benchi na sikio: ni kipi kati ya hivyo ambacho msikiti wa Bariadi hauna?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, makhatibu waache kuutaja UKIMWI kama adhabu, na kila wanapokemea zinaa wataje pia mlango wa toba, dawa na haki ya mgonjwa.

Pili, kila msikiti uteue wanaume wawili na wanawake wawili, watu wa amana, wafunzwe na wahudumu wa kliniki dalili za sonona na adabu ya kusikiliza. Anayekosa jamaa wiki mbili atembelewe kwa salamu, na chakula kikiwezekana, bila ya kuulizwa anaumwa nini. Hadithi Qudsi iliyopokewa na Muslim inatutosha: Siku ya Kiyama mja ataulizwa kwa nini hakumzuru Mola wake, na atafahamishwa kuwa lau angemzuru mja Wake aliyekuwa mgonjwa angemkuta Allah kwake.

Tatu, sehemu ya zaka na sadaka itengwe kwa nauli za kliniki na chakula cha wagonjwa mafukara, itolewe kwa siri.

Nne, Ramadhani isiwe sababu ya kuacha dawa. Kidonge cha mara moja kwa siku humezwa usiku, na asiyeweza kufunga ana ruhusa ya Mola wake (2:184). Ashauriane na tabibu na mwanachuoni, asijiamulie peke yake.

Tano, anayesema kuwa amechoka kuishi asikemewe wala kudharauliwa. Aulizwe kwa upole kama anafikiria kujidhuru, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuulia wadudu wa pamba, zilizomo katika nyumba nyingi za mkoa huu, ziwekwe mbali naye na chini ya kufuli. Mtume (S.A.W.) alikataza kutamani kifo kwa ajili ya dhara, na papo hapo akafundisha dua ya badala: kumuomba Allah amhuishe mtu maadamu uhai ni kheri kwake. Hakumkataza mwenye uchungu akamwacha hivi hivi. Alimpa la kusema.

Ndugu Waislamu, sisi tunaodai kurejea kwenye Sunna tumekuwa wepesi kuisahihisha swala ya mwenzetu mkono unapokaa si mahali pake. Ni Sunna pia kugonga mlango wa aliyejifungia. Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, azitulize nyoyo zilizoelemewa, atusitiri sote, na aijaalie misikiti yetu kuwa mahali ambapo mwenye huzuni hutamani kuingia.

Wabillahi Tawfiq.